Kituo kwa Herufi Ndogo

Mahali pale palikuwa shamba la kuku. Wengi waliopanga ofisi pale hawalijui hilo, na sina haja ya kuwaharibia chai. Banda la mwisho lilibomolewa mwaka ule tuliopata kazi ya kuchora, na kwa miezi sita ya kwanza kila mhandisi aliyeshuka garini aliangalia soli ya kiatu chake kabla ya kuangalia mandhari. Eneo ni hekta kumi na moja, mteremko unaoshuka taratibu kuelekea barabara kuu, dakika ishirini na mbili kutoka katikati ya mji ikiwa hakuna foleni, na foleni huwa ipo. Kwenye karatasi rasmi paliitwa Kituo cha Biashara na Ofisi. Sisi tuliokuwa tunapachora tulisema Kituo, basi. "Leo nani anaenda Kituo?" "Funguo za Kituo ziko wapi?" Kwa miaka mitatu neno hilo halikuwa na maana nyingine masikioni mwetu, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mimi ni mchora ramani. Si msanifu, msanifu ni bosi wangu, ambaye ofisi nzima tulimwita Vioo, yeye akiwa hayupo. Mpe ukuta, atakurudishia dirisha. Kituo alikichora majengo manne, A mpaka D, kila moja ghorofa nne, uso wote kioo, na upande wa magharibi akakubali shingo upande kuweka vibamba vya alumini vya kukata jua, baada ya mimi kumwonyesha kwa hesabu kwamba watu wa upande ule wangechemka kama mayai. Kati ya majengo kuna vijia vilivyoezekwa, upana mita mbili na nusu, ili mtu atoke A aingie D mvua inanyesha na asilowe. Hivyo ni vyangu. Maegesho ni ya magari mia sita na kumi. Watu watakaofanya kazi humo, kwa hesabu ya mwenye mradi mwenyewe, ni elfu mbili na mia nne. Wasio na magari walitengewa ukurasa mmoja na nusu: Kiambatisho cha Nne, Usafiri wa Umma. Hakuna aliyetaka kukiandika. Nikakiandika mimi.

Dada yangu amenizidi miaka tisa. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba. Dada akaacha shule akanilea, na mpaka leo simu yake ikiita nasimama kwanza ndipo napokea. Miaka sita iliyopita gari lilimgonga akivuka barabara. Mguu wake wa kushoto una chuma kutoka gotini hadi karibu na kifundo. Daktari alimwambia atembee, lakini kidogo kidogo, na milima aiache kama ilivyo. Akapata kiti katika duka la fundi cherehani mkabala na nyumbani, akishona kola za sare za shule. Kola tu, siku nzima. "Nimeshona kola za kutosha kuwanyonga watu wote wa mji huu," alikuwa akisema, na hakuwa akicheka sana.

Kisha kampuni moja ya bima ikachukua ghorofa ya chini ya Jengo C na kutangaza kazi ya mapokezi. Dada ana sauti. Ukimsikia kwenye simu unajikuta umekaa vizuri. Wakamwita, wakamsikiliza, wakampa barua: miezi mitatu ya majaribio, kazini saa mbili kamili asubuhi, na atakayechelewa mara tatu katika miezi hiyo asisumbuke kurudi. Alikuja kwangu na barua hiyo mkononi, hata kiti nilichomvutia hakukikalia.

"Swali moja tu," alisema. "Basi linaingia ndani au linaniacha barabarani?"

"Linaingia."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mbele ya Jengo B. Linageuza hapo. Kutoka hapo mpaka C ni hatua mia moja na ishirini, tena chini ya paa."

"Una uhakika, we mtoto? Maana kiti changu pale kwa fundi kuna mwanamke anakitolea macho. Nikiinuka tu, kimeenda."

"Dada, nimeandika mwenyewe."

Akaenda akarudisha mkasi wa watu na futi ya kupimia. Yule mwanamke alikaa kabla kiti hakijapoa.

Jumatatu ya kwanza niliwahi pale saa moja kasorobo, nimekuja na gari la mhandisi, kuangalia kama mabomba ya paa yanavuja. Nikiwa ghorofa ya pili ya Jengo B nikatazama chini kupitia kioo, na sina budi kukiri kwamba kioo cha Vioo kinaonyesha vizuri. Nikaona basi likifika njia panda, pale barabara yetu inapoachana na barabara kuu. Likasimama. Watu wakashuka. Likageuza, likarudi mjini. Nikasubiri la pili. Hivyo hivyo. La tatu, hivyo hivyo.

Kutoka njia panda mpaka geti ni kilomita moja na mita mia nne, kupanda. Najua kwa sababu niliipima mwenyewe. Pembeni ya barabara hiyo hatukuweka njia ya waenda kwa miguu, maana nani angetembea na basi lipo? Watu wakapanda mmoja mmoja ukingoni mwa lami, wengine viatu vya ofisini mkononi, magari ya wenzao yakiwapita. Dada alikuwa wa mwisho. Alitembea, akasimama, akashika nguzo ya taa, akatembea tena. Nilihesabu bila kupenda: alisimama kwenye kila nguzo. Nikateremka ngazi mbio, na nilipofika getini naye alikuwa ndiyo anafika.

"Basi halijaingia," alisema.

"Siku ya kwanza, dada. Madereva hawajaizoea njia."

"Hawajaizoea," akarudia, akijifuta jasho kwa mtandio. Kisha akaniona uso wangu, akacheka. "Usijali. Wewe kazi yako umefanya. Hao wenye mabasi ndio wa kuvutwa masikio."

Alisaini kitabu cha mahudhurio saa mbili na dakika ishirini na tano. Mara ya kwanza hiyo.

Mchana huohuo nikaenda kampuni ya mabasi. Ratiba zote ziko mikononi mwa mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kamba na rula ya chuma asiyoitua mezani. Nikamwamkia, nikamweleza kwa adabu kwamba madereva wake wanakatisha safari. Hakubisha. Alifungua kabati, akatoa jalada lenye kiambatisho changu, akaweka rula chini ya mstari mmoja.

"Soma, mwanangu."

Nikasoma. Mabasi yatafika hadi kituo na kugeuza hapo, kila baada ya dakika ishirini, asubuhi na jioni.

"Sasa," alisema, "kituo hiki hapa." Rula ikahamia kwenye ramani ya njia zake, ikagonga njia panda. "Namba thelathini na moja. Kipo tangu enzi za kuku. Basi linafika, linageuza. Dakika ishirini, nimekaa na saa. Unalalamikia nini?"

"Mama, hapo nilikuwa nasema Kituo. Kituo chenyewe. Kituo cha Biashara."

"Hiyo 'cha Biashara' iko wapi hapa?"

Haikuwepo. Hata herufi kubwa haikuwepo. Nilikuwa nimeandika kituo kama mtu anavyoandika nyumbani, nikidhani dunia nzima inalala kwangu. Kwa mtu anayeamka na mabasi na kulala na mabasi, kituo ni nguzo yenye namba: watu wanapanda, watu wanashuka. Alikuwa sahihi neno kwa neno. Nikaona aibu, ile inayopanda na kuchoma masikio, na yeye akaiona.

"Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi," alisema, si kwa ubaya. "Leta barua ya mwenye mradi, iseme kiambatisho kimerekebishwa. Itaingia kikao cha mwezi ujao."

"Mwezi ujao kuna mtu atakuwa hana kazi."

"Basi iandike leo."

Vioo hakutaka barua. Alinisikiliza huku akichora lifti, na lifti haikusimama.

"Barua ni ushahidi," alisema. "Wapangaji wana mikataba, na mikataba inasema basi mlangoni. Tukiandika tumekosea, kesho wanasheria wao wako hapa kabla ya chai. Andika kwamba wenye mabasi wamekiuka makubaliano. Waache wajitetee."

"Hawajakiuka. Wamefuata."

"Nani anajua?"

"Mimi."

"Basi tuko wawili tu," alisema, akageuza karatasi.

Jioni ile ningeweza kumwambia dada. Na iliyofuata pia. Sikumwambia. Nilimwambia "tunalishughulikia," neno la ofisini ambalo likikaushwa vizuri linabaki "hakuna." Nilijitolea kumlipia teksi. "Nimeajiriwa, sijalazwa," akanijibu. Pikipiki zilikuwa zimepigwa marufuku kupita geti, na hata zingeruhusiwa, mguu wake haukunjiki vya kutosha kupanda. Kwa hiyo akawa anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ili apate muda wa kuupanda mlima kwa vituo. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa vituo, na neno likanichoma na yeye hana habari. Jumatano ya wiki ya pili mvua ikanyesha, basi likakwama foleni, akafika saa mbili na dakika kumi. Mara ya pili. Sasa dada alikuwa amekalia kuti kavu, na aliyemkalisha ni mimi.

Siku ile ya mvua nilipita Jengo C kukagua vijia vyangu. Havikuvuja. Dada alikuwa kwenye meza ya mapokezi, sauti imenyooka, karibu, tafadhali subiri kidogo, na chini ya meza kiatu cha kushoto amekivua. Mguu ulikuwa umevimba hata ndara isingeingia. Wafanyakazi wawili walipita wakikamua pindo za suruali.

"Aliyepanga mahali hapa sijui alikuwa amelala," mmoja akasema.

"Hakulala," dada akamjibu kabla sijavuta pumzi. "Aliyechora ni mdogo wangu, na aliandika basi lifike mlangoni. Mwenye kulaumiwa ni mwenye basi. Huyu hapa, muulizeni." Akanielekeza kwa kidevu, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wakaniangalia. Nikasema tunalishughulikia.

Nikarudi kwa mama wa ratiba mikono mitupu. Sikuwa na barua, kwa hiyo nilimpa habari yote, na ya dada ndani yake. Alisikiliza akijikuna mgongo kwa rula.

"Karatasi yako inasema kituo," alisema mwishowe. "Haisemi kituo gani. Mimi nikashika kilichokuwepo. Sasa kama ndani kungekuwa na kituo..." Akanitazama juu ya miwani. "Nguzo, kibao, paa la kukinga mvua, na mahali pa kugeuzia pa mita kumi na mbili. Mkaguzi wangu akitia saini, hicho ni kituo. Na cha mwisho kwenye barabara ndicho basi linapogeuzia. Karatasi inabaki ile ile. Kikao cha nini?"

"Mama, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Siku ile ulikuja kulalamika. Leo umekuja kuuliza."

Mahali pa kugeuzia palikuwepo, nilipachora tangu mwanzo. Paa lilikuwepo, ni la kijia changu mbele ya B. Kilichokosekana ni nguzo moja na kibao kimoja. Mamia ya watu walikuwa wanapanda mlima kila asubuhi kwa kukosa bomba la futi nane.

Lakini kwenye eneo la mradi nguzo haichomekwi tu kama kijiti. Lazima iingie kwenye mchoro, na mchoro ukibadilika, kuna jedwali pembeni, chini kulia, linalojazwa: namba ya marekebisho, tarehe, sababu, herufi za jina la aliyebadilisha. Nakala inakwenda kwa kila mpangaji. Na kwenye sababu huwa linaandikwa neno moja, maboresho. Nina miaka kumi na minne katika kazi hii na sijaona sababu nyingine. Choo kikisahauliwa, maboresho. Ngazi ikigonga dari, maboresho. Vioo aliukubali mchoro wa nguzo kwa kununa, akataka iwe nyembamba na ya kijivu isimharibie kioo. Akatia saini, akaniachia jedwali nijaze.

"Maboresho," alinikumbusha akiwa mlangoni, kofia mkononi, anaenda kula.

Nikashika kalamu. Nikaandika: Kosa la mchoraji. Neno "kituo" halikufafanuliwa, mabasi yakaishia njia panda. Na herufi za jina langu.

Haukuwa ushujaa. Nilikuwa nimechoka kutetewa. Nikatoa nakala ishirini na sita, nikazipeleka kwa mwenye mradi kabla Vioo hajashiba, na aliporudi akaiona, alisema maneno ambayo sitayaandika, akaninunia siku mbili, kisha akanihamishia mradi wa maghala. Maghala hayana madirisha. Nadhani kwa akili yake hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Nguzo ilisimama Alhamisi ya wiki ya tatu. Mkaguzi wa mabasi alipima mzunguko kwa hatua zake mwenyewe, kisha kwa futi, akasaini karatasi juu ya boneti la gari. Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya B. Basi lilifika njia panda, likashusha mtu mmoja, na safari hii halikugeuza; likakunja kushoto, likapanda. Dada alishuka wa nne, ameshika bomba la mlango, akaangalia saa yake. Saa moja na dakika hamsini na moja. Akaenda zake hatua mia moja na ishirini chini ya paa, na hakusimama hata mara moja. Nilifurahi. Sikumwita. Nilikuwa nyuma ya nguzo ya jengo, na sikuwa nimesimama pale kwa bahati.

Nakala za mchoro zilikuwa zinasambazwa asubuhi ileile. Ya kampuni ya bima nilimwambia tarishi aniachie, nitaipeleka mwenyewe. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu usiku: kwanza pole, kisha kosa, kisha pole tena. Nilitaka ayasikie kwangu kabla ya kuona karatasi. Nikaingia.

"Eeh, mwenyewe huyo!" Dada aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo kwa mguu ule si dogo. Wageni watatu waliokuwa wanasubiri wakageuka. Wale wawili wa suruali walikuwa wanapita na chai. "Si niliwaambia? Si niliwaambia mdogo wangu hawezi kuandika kitu nusunusu? Leo tumeshushwa mlangoni kama mabibi harusi. Mpeni mkono."

Wakanipa mkono. Mmoja alisema samahani kwa maneno yale ya siku ya mvua. Nikasema haina shida. Na katika kushikana mikono huko karatasi ilikuwa imeshatoka kwapani kwangu na kuingia mikononi mwa dada, kwa sababu ni kazi yake: kila kinachoingia anakifungua, anasoma kinahusu nini, anaandika kwenye kitabu, anagonga mhuri.

"Dada, ngoja kwanza," nilisema.

"Nini cha kungoja? Kazi ni kazi." Akaikunjua. Akaandika namba. Akaandika tarehe. "Sababu ya marekebisho," akasoma kwa sauti, ile sauti yake ya simu, iliyonyooka, ambayo watu huketi vizuri wakiisikia. "Kosa la mchoraji. Neno kituo halikufafanuliwa..."

Hakumaliza. Akaisoma tena, safari hii kwa macho tu, kidole kikifuata mstari mpaka kwenye herufi za jina langu. Jina hilo alinifundisha kuliandika yeye.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Jumatatu ile ya kwanza. Mchana."

Akatikisa kichwa polepole. Nilijua anazihesabu: asubuhi ngapi, nguzo ngapi za taa.

"Kupanda mlima hakukuniuma hivi," alisema, kwa sauti ya chini sasa. "Nimegombana na watu humu. Nimewaita wenye mabasi wezi. Ukanisikiliza." Akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kingo kwa viganja. "Karatasi umeiambia. Majengo manne umeyaambia. Mimi je?"

"Dada, nilikuwa nakuja kuku..."

Simu ikalia. Akaipokea mlio wa pili, kama walivyomfundisha. "Habari za asubuhi, karibu. Ndiyo. Tafadhali subiri." Akaziba mdomo wa simu kwa mkono, akaniangalia. Sauti haikubadilika hata kidogo.

"Kaa pale kwenye viti vya wageni, bwana. Zamu yako ikifika utaitwa."

Maishani mwangu hajawahi kuniita bwana. Nikakaa. Mbele yangu walikuwepo wale watatu, akawahudumia mmoja baada ya mwingine, vizuri, kwa tabasamu. Wakaingia wengine wawili, nao akawahudumia. Saa nne ikapita nikiwa bado nimekaa, mikono magotini, na sikuthubutu kuondoka.